Msimu Niliouacha Uji

Oktoba 9

Daktari amenikataza kushika mimba. Hakusema hivyo hasa. Alisema "tusubiri kidogo", kwa ile sauti ya watu wa hospitali wanapoona unakaribia kulia. Sikulia mbele yake. Nililia kwenye pikipiki, nyuma ya mume wangu Jiehong, mpaka koti lake likalowa mgongoni, naye akajifanya hajui.

Nina miaka thelathini na sita. Sukari yangu asubuhi kabla ya kula ni 6.3, na daktari anataka iwe chini ya 5.6. Nilipokuwa na mimba ya Tongtong nilipata kisukari cha mimba, nikachomwa sindano miezi mitatu, na bado mtoto akakua kupita kiasi. Alifika kilo nne na nusu. Bega likakwama njiani, na katika kumtoa, mkono wake wa kulia ukaumia. Sasa ana miaka mitano. Vijiti vya kulia anashika kwa kushoto, na kifungo cha shingoni mpaka aniite.

Daktari anasema ugonjwa huu ukishakuja mara moja hupenda kurudi, na kwamba mimba salama huanzia jikoni, miezi kabla ya mimba yenyewe. "Una msimu mmoja," kaniambia. "Punguza kilo tano, badilisha chakula, urudi kabla ya Mwaka Mpya wetu. Namba zikikubali, na mimi nitakubali."

Nimenunua daftari hili. Nitaandika kila siku.

Oktoba 12

Nimeruka siku mbili tayari. Machenza ya shamba letu yameanza kugeuka rangi upande wa kilima unaopata jua.

Oktoba 14

Nimemwambia mama mkwe. Alikuwa anakoroga chungu chake cha uji wa mchele, maana ukimtafuta alfajiri huna haja ya kuuliza yuko wapi.

"Kisukari?" akasema. "Hicho cha matajiri. Sisi tunakula uji."

"Daktari anasema chakula, Mama."

"Basi kasema kweli. Yale maandazi ya mafuta unayonunua sokoni, na nyama ya nguruwe yenye ngozi. Mwili wako umechafuka, mwanangu. Uji mweupe ndio unaosafisha. Na jioni nitakuchemshia kunazi na sukari guru, tumbo la uzazi lipate joto. Mtoto hakai kwenye nyumba ya baridi."

Ningebisha, lakini nakubaliana naye. Hapa kwetu mtu akiugua anapewa uji. Akitoka kwenye karamu anapewa uji, akifiwa pia. Sijawahi kusikia mtu aliyedhurika kwa uji. Kwa hiyo nimeamua: uji mara tatu kwa siku, figili ya chumvi pembeni, hakuna nyama, hakuna mafuta. Nikiamua jambo mimi ni mbishi kuliko nyumbu, muulizeni Jiehong.

Oktoba 19

Uji. Figili. Uji. Uji.

Oktoba 23

Uji. Nimeota nyama ya bata.

Novemba 2

Kilo moja imetoka. Nimeshuka kwenye mizani ya machenza nikiimba.

Bi Xiuluan, jirani yetu anayekuja kutusaidia kufunga maboksi, kanitazama toka juu mpaka chini. "We mke wa Jiehong, mbona unakauka? Hakulishi, au unamwekea mwingine chakula?"

"Najiandaa kwa mtoto wa pili."

"Kujiandaa! Sisi tulijiandaa lini? Tulikuwa tunalala tunaamka tuna mimba. Harakisha, Tongtong anataka mdogo wake, huyu mama mkwe wako anazeeka."

Mama alikuwa pale pale akichambua machenza. Usiku bakuli langu la kunazi lilikuwa limejaa mpaka ukingoni.

Novemba 9

Manyunyu siku ya tatu. Mvua ikizidi sasa, machenza yatapasuka maganda yakiwa mtini. Jiehong anatazama mawingu kama anayadai.

Novemba 14

Nimerudi hospitali leo na sitaki kumwona mtu.

Wana mhudumu wa lishe pale, anaitwa Peng, msichana mdogo wa miwani ya duara. Alikuwa ameniagiza nije na kifungua kinywa changu cha kawaida nikile mbele yake. Nilibeba uji kwenye chupa ya chai, nikaumimina kwa madaha, mweupe safi, hata tone la mafuta halina. Nilikuwa nasubiri sifa.

Kabla ya kula alinitoboa kidole: 6.6. Imepanda! Nikamwambia mashine yake mbovu. Hakukasirika. Nikala, nikakaa saa mbili kwenye benchi, akanitoboa tena: 11.4.

"Dada," akasema taratibu, "huu uji unapikwa muda gani?"

"Saa nzima. Mpaka punje zifumuke. Mama mkwe wangu hataki uji wa haraka haraka."

"Basi chungu kimeshalifanyia tumbo kazi yake yote. Ukimeza, muda si muda uko kwenye damu, na ukiwa kwenye damu ni sukari."

"Lakini hauna sukari!"

"Ndiyo maana unawapata wengi. Kila wiki nampata mmoja wenu, kajinyima nyama mwezi mzima, anakunywa uji kama mgonjwa, halafu namba inapanda. Na jioni unakunywa nini?"

Nikamtajia kunazi na sukari guru. Akavua miwani akaifuta. Sikuhitaji maelezo zaidi.

Kaniandikia: samaki, mayai, maharage na mboga za majani ziliwe kwanza. Wali mkavu kidogo uje mwisho, kiasi cha ngumi ya mtoto. Uji hapana. Kunazi na sukari guru hapana. Chenza moja kwa siku. Na kila baada ya kula nitembee.

Mwezi mzima! Mwezi mzima wa njaa, nilijidhulumu mwenyewe, na nilikuwa najichimbia shimo kwa kijiko. Hasira niliyonayo sijui nimpelekee nani.

Novemba 15

Nimempelekea Mama. Nilijitahidi niseme kwa adabu, lakini nadhani adabu iliisha katikati.

"Uji?" akauliza. "Uji wangu?"

"Si wako peke yako, Mama. Uji wa watu wote."

"Nimelea watoto watano kwa chungu hiki. Watano, na wote wana meno. Leo mtoto wa miwani aje aniambie nawalisha sumu?"

Akaweka upawa chini. Hajasema nami tangu hapo.

Novemba 17

Alfajiri bakuli la uji lilikuwa mbele ya kiti changu. Sikuligusa. Likapoa, likafanya utando.

Novemba 18

Bakuli. Utando.

Novemba 19

Bakuli. Jiehong anakula lake na langu ili kuleta amani, na suruali yake sasa inagoma kufunga. Huyo ndiye mume wangu. Nyumba ikiungua ataomba moto na maji wasameheane.

Novemba 24

Mvua ya kweli. Tumechuma tangu kulipopambazuka, tumejifunika maturubai, Bi Xiuluan akitukana mbingu. Mchana nilikuwa peke yangu kwenye meza ya kuchambua, na yale yaliyopasuka hayauziki. Nikala moja, nikala sita. Mikono ilinata mpaka jioni. Nimejichukia.

Novemba 29



Bakuli lilikuwa pale tena. Tongtong alikuwa ameamka na kusimama kando yangu akitaka kufungiwa kifungo. Nikamfungia, nikatazama ule utando, na kitu kikanikatika ndani. Nikasema, "Mama, huu mkono wa Tongtong unauona? Ni sukari ile. Ni sukari niliyokuwa nayo mimba ya kwanza, ndiyo iliyomnenepesha akakwama. Unataka na wa pili akwame?"

Mama alinitazama kama niliyempiga kofi. Ndipo nikakumbuka. Miaka mitano, na hakuna aliyemwambia. Alidhani ni uzembe wa wakunga, ndivyo Jiehong alivyomwambia siku ile ili asihangaike, na mimi nikaacha iwe hivyo. Na nilipokuwa na mimba ile, nani alikuwa ananipikia? Uji asubuhi, uji mchana, kunazi na sukari guru jioni, kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo.

Akamfuta Tongtong mdomo, akatoka nje kwenye mvua bila mwavuli.

Desemba 1

Mama ameondoka. Kapanda basi la asubuhi kwenda pwani kwa kaka yake, katikati ya mavuno, hajaaga. Chungu kimeoshwa na kugeuzwa juu chini.

Bi Xiuluan kaleta kejeli yake mpaka mlangoni. "Umemfukuza mama wa watu kwa sababu ya uji! Nimesikia watu wakifukuzwa kwa wizi, kwa uchawi. Kwa uji, ndio kwanza!"

Nikafunga mlango. Jiehong alichuma mpaka giza. Namkumbuka Mama, na hilo sikulitegemea.

Desemba 4

Kesho nitajuta kwa kutolala, lakini lazima niandike lote.

Mama karudi kwa basi la mchana. Alishuka na vikapu vitatu vya mwanzi vimefungwa kwa kamba, na harufu ya bahari ikamtangulia. Akaviweka mezani, akafungua. Vibua, wamepangwa duara vichwa nje mikia ndani, wamechemshwa wazima kwenye maji ya chumvi na kupoozwa, ngozi zinang'aa.

"Kaa," akaniambia. "Kula. Kwa mkono."

Nikabandua ngozi, nikachovya nyama kwenye rojo la soya. Ilikuwa imara na tamu, tamu ya samaki. Nikala wa pili. Alikuwa ananitazama mdomoni.

"Wali wetu huo," akasema. "Kwetu ni mchanga mtupu, mpunga hauoti. Mchele ulikuja kwa boti mara chache kwa mwaka. Siku nyingine zote tulikula hivi, samaki ndiye kitoweo, samaki ndiye wali. Nilipokuwa kama Tongtong nilikuwa nauza mlango kwa mlango, naita kwa sauti mpaka mbwa wanakimbia. Nikaolewa huku kilimani. Siku ya kwanza kisimani wanawake wakanicheka. 'Mla samaki bila wali kaja.' Mama mkwe wake Xiuluan ndiye aliyeanzisha. Nikaapa kwamba kwenye nyumba yangu hakuna atakayeamka akose mchele. Miaka arobaini na minne sijawapika hawa."

Nikaweka samaki chini.

"Nimemuuliza kaka yangu," akaendelea, "mama yetu alizaa wangapi? Saba. Waliokwama? Hakuna. Sijui kama ni samaki, mimi si daktari. Lakini kama huyo mtoto wako wa miwani anasema ule samaki kabla ya wali, basi samaki wapo. Mimi ndiye mwenye samaki." Halafu akashika ukingo wa meza. "Zhen. Ule mkono. Ni uji wangu?"

Kwa muda mrefu nilikuwa nataka awe na hatia, nikiri hapa. Ingekuwa rahisi. Lakini nilimwona yule msichana wa kisimani, na hasira yangu yote ikaniishia.

"Ni ugonjwa, Mama. Hatukujua. Wewe hukujua, na mimi niliyekuwa na mimba sikujua."

Akalia. Sijawahi kumwona akilia, hata alipofiwa na mumewe. Nikamkumbatia huku mikono yangu ikinuka vibua, na Tongtong akaja akala samaki wawili tukiwa hatumtazami.

Desemba 7

Jua! Siku nzima! Nusu ya machenza imesalimika, na ni ile nusu nzuri.

Desemba 11

Nilimwogopa Mama alipokuwa ananipinga. Sasa yuko upande wangu na ndiyo hatari zaidi. Nikimaliza kula tu, anasimama na fimbo yake. "Inuka! Tembea!" Tunapanda kilima, mimi mbele na kikapu, yeye nyuma akinihimiza kama punda. Leo nimeomba tupumzike.

"Utapumzika ukiwa na mjukuu wangu mkononi. Tembea!"

Desemba 13

Vibua. Kaka yake Mama anawatuma kwa basi. Mboga ya haradali. Wali, ngumi ya Tongtong. Mama hupima kweli, anamwita mtoto aweke ngumi kando ya bakuli.

Desemba 16

Kidole asubuhi: 5.9.

Desemba 22

Leo ni sikukuu ya vidonge vya mchele wa kunata kwenye supu ya sukari, kila nyumba inapika. Mama kapika kwa ajili ya meza ya mababu, kanipa kimoja, akakihesabu. "Kimoja. Mababu wanakuona." Jiehong alinyosha mkono kuchukua cha tano, akachapwa kwa kijiko cha mti.

"Mimi sitafuti mimba!"

"Na tumbo hilo ni la nini?"

Januari 5

Bi Xiuluan kaja na beseni tupu, kasimama mlangoni pa banda la maboksi akiwa mdogo kuliko kawaida. Binti yake mjini ana mimba ya miezi mitano na kapimwa sukari iko juu. Kasikia sisi tuna samaki fulani.

Wanawake wote wa maboksi walikuwepo. Mama hakuinua kichwa. "Samaki gani?"

"Wale... wa kwenu."

"Wa kwetu wana jina. Mama mkwe wako alikuwa anasimama kisimani akiwacheka wanaowala. Alisemaje?"

Machenza yenyewe yaliacha kugongana.

"Alisema mla samaki bila wali," Bi Xiuluan akanong'ona. "Alikosea, dada. Nisamehe kwa niaba yake."

Mama akainuka, akachukua beseni, akalijaza mpaka pomoni, akamwelekeza kuchemsha: chumvi kiasi gani, moto kiasi gani. "Na binti yako asiache kwenda hospitali, wala asiache dawa akipewa," akaongeza. "Samaki ni chakula, si mganga." Bi Xiuluan alipoondoka, Mama alipiga wimbo kwa mluzi mpaka jioni. Sikujua anajua mluzi.

Januari 14

Chenza langu moja la siku. Nimelila polepole kwa dakika kumi. Halijawahi kuwa tamu hivi.

Januari 22

5.2.

Acha niandike tena. 5.2! Saa mbili baada ya kula, 7.0. Kilo sita zimetoka. Daktari kazisoma mara mbili, akasema, "Basi, namba zimekubali." Nikamshika mkono nikautikisa mpaka kalamu ikamdondoka. Kanionya kwamba bado naweza kukipata kisukari cha mimba, kwamba watapima tena mimba ikishakua. Najua. Lakini leo nimeshinda na nitasema nimeshinda.

Jiehong kasoma hapa juu ya bega langu, kauliza kama tunaanza leo. Nimemwambia aoge kwanza, ananuka machenza.

Januari 28

Mkesha wa Mwaka Mpya wetu, wa mwezi mwandamo. Machenza yote yameuzwa. Mezani kwa mababu, kati ya bata na keki za mchele, Mama kaweka kikapu kizima cha vibua. Mara ya kwanza katika nyumba hii. Akawasha vijiti vya ubani, akasema kwa sauti, "Chakula cha kwetu. Mtazoea."

Daftari limebaki na kurasa. Msimu umekwisha, naliweka kabatini.

Agosti 11

Nimelitoa tena kwa sababu kuna jambo halina mahali pengine pa kuandikwa.

Nina mimba ya wiki ishirini na sita. Leo ndiyo ilikuwa siku ya kipimo kile kikubwa, kile nilichoshindwa mara ya kwanza. Wanakutoa damu, wanakunywesha kikombe cha maji ya sukari, wanakutoa tena baada ya saa moja, na tena baada ya saa mbili. Mama alikataa kubaki nyumbani. Alipoona kikombe akasimama.

"Nini hicho?"

"Sukari, bibi," Peng akasema.

"Miezi minane nimemnyima huyu sukari! Nimemfukuza kilimani na fimbo! Halafu nyie mnampa kikombe kizima?"

Benchi zima lilicheka. Peng akamkalisha, akamwelezea kwamba wanataka kuona mwili utafanya nini nayo. Mama akakaa akiwa amekishikilia kikapu chake mapajani, macho ukutani kwenye saa, midomo ikienda.

Majibu yalitoka saa sita. Peng aliyaleta mwenyewe, anakimbia, miwani imeteremka puani. Mama hasomi herufi, lakini tarakimu anazijua kutokana na mizani. Akanyakua karatasi.

"Nne nukta sita," akasoma. "Nane nukta saba. Saba nukta moja. Zinatakiwa ngapi?"

"Chini ya tano nukta moja, chini ya kumi, chini ya nane na nusu."

Alirudia kulinganisha kwa kidole, moja moja. Akaikunja karatasi, akaitia kikapuni. Kwenye basi alikaa akitazama nje, nikaanza kuwa na wasiwasi.

Tuliposhuka njia panda, alinikabidhi kikapu, akaweka kiganja kando ya mdomo, akaita. Ilikuwa sauti nisiyoijua, nyembamba, ndefu, inayopanda mwishoni, ya mtoto anayeuza samaki mlango kwa mlango. Mbwa wa kwanza alikimbia kweli.

"Nne nukta siiiita! Nane nukta saaaba! Saba nukta moooja!"

Alikwenda hivyo kijiji kizima, mwanamke wa miaka sitini na sita, mlango hadi mlango, na mimi nyuma yake na tumbo langu, nikicheka na kulia. Tongtong alitusikia toka nyumbani, akaja mbio akitupungia mkono wa kulia, hajaufikisha juu ya bega lakini anautikisa kwa nguvu zote. Milango ikafunguka. Na kwenye mlango wake alikuwa Bi Xiuluan, amebeba beseni tupu, akiuliza vibua wa leo ni wakubwa kiasi gani.